Picha Ina Mgongo

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nina kisa cha karatasi, na msinikunjie uso kabla sijaanza, maana karatasi ninazozisema huamua nani alipwe na nani asilipwe, picha ipi ni ya kweli na ipi ya kughushi, na msanii gani akumbukwe baada ya yeye mwenyewe kuondoka duniani.

Mkipelekwa kutazama picha za kuchora, mkubwa wenu atawaambia msimame mbali kidogo, mikono nyuma, mtazame rangi. Ni sawa, mtiini. Lakini mtu wa nyaraka akiruhusiwa kuishika picha, kitu cha kwanza anachofanya ni kuigeuza. Picha ina mgongo, na huo ndio anaousoma. Hapo huenda akakuta jina la msanii kwa penseli, mwaka, alama ya fundi aliyepiga fremu, na kibandiko kidogo cha galari chenye nambari. Galari, kwa asiyejua, ni nyumba ambamo picha huonyeshwa na kuuzwa. Nambari ile ikisomwa peke yake haisemi kitu. Inaanza kusema pale unapofungua daftari la galari, ukateremka na kidole mpaka kwenye mstari wake.

Tuseme ni mwaka 1988. Kijana mmoja wa Ngecha, kule juu kwenye mashamba ya Limuru, amechora picha ya ng'ombe wanaovuka mto. Kijana huyu nimembuni, lakini karatasi nitakazowatajia ni zile ambazo galari yoyote inayojua kazi yake huziandika. Anaikunja turubai yake, anaifunga kwa gazeti, anapanda matatu hadi mjini. Anatembea mpaka Barabara ya Standard, katikati ya Nairobi, na kuingia Gallery Watatu.

Mwenye galari anaitandaza turubai mezani, anaitazama kwa muda, halafu anasema, "Iache." Hajainunua, na hapo ndipo wengi hukosea. Galari nyingi hazinunui picha, huzipokea kama amana: picha inabaki kuwa mali ya msanii mpaka apatikane mnunuzi, na ikiuzwa galari inachukua fungu lake, pengine theluthi, pengine hata nusu. Basi karatasi ya kwanza inazaliwa, hati ya amana. Imeandikwa jina la kijana, jina la picha, vipimo vyake kwa sentimita, rangi zilizotumika, bei waliyokubaliana, na siku aliyoileta. Nakala mbili, moja yake na moja ya galari. Kijana anaikunja yake mara nne na kuitia mfukoni mwa shati. Mnaona hatari ilipo? Shati litafuliwa.

Picha inapewa nambari na kuandikwa katika daftari la mali. Inapelekwa kupigwa fremu, na hapo kuna risiti ya fundi. Inapigwa picha kwa kamera, maana siku hizo simu ilikuwa ya waya na haikuwa na jicho. Filamu inakatwa vipande vidogo vya slaidi, kila kipande ndani ya fremu yake ya plastiki au kadibodi, na juu yake mtu mwenye mwandiko mzuri anaandika jina na mwaka. Ukiinua slaidi kwenye mwanga wa dirisha unawaona ng'ombe wote, wadogo kama siafu, na mto wao.

Halafu yanakuja maonyesho. Kadi za mwaliko zinachapishwa, zinatumwa kwa posta. Siku ya ufunguzi kuna orodha ya bei iliyopigwa taipu, na kitu kinachouzwa kinabandikwa kitone chekundu. Mlangoni kuna daftari la wageni, na watu wanaandika majina na maneno yao. Wengine husifu, wengine huandika mambo ya ajabu, na mimi nawapenda zaidi hao wa pili. Wiki inayofuata mwandishi wa gazeti anaandika habari, na karani anaikata kwa mkasi na kuibandika kwenye karatasi nyeupe. Picha inanunuliwa na mgeni anayerudi kwao Ulaya: risiti, barua ya forodha, anwani ya mnunuzi, kisha malipo ya kijana, ambaye anatia sahihi kwamba amepokea.

Hesabuni wenyewe. Turubai moja ya ng'ombe imezaa karatasi zaidi ya kumi. Turubai imeruka na ndege, haionekani tena. Karatasi ndizo zimebaki Nairobi, na hizo ndizo huitwa nyaraka za galari.

Sasa niwaambie habari za hiyo Watatu yenyewe, maana hiyo sikuibuni. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, na mtoto yeyote anaweza kukisia jina lilikotoka. Katikati ya miaka ya 1980 ikaingia mikononi mwa Ruth Schaffner, mama mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa ameendesha galari huko California, Marekani. Huyo aliufungua mlango kwa watu ambao hawakuwa wamepita chuo chochote cha sanaa. Walitoka Ngecha, walitoka Banana Hill, walitoka mbali zaidi, na Schaffner akazionyesha kazi zao kwa wanunuzi wa mjini na wa ng'ambo. Yeye alifariki 1996, mumewe Adama Diawara akaendelea, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 milango ikafungwa. Zaidi ya miaka arobaini ya picha zilizoingia na kutoka, na kila moja ilikuwa na mkia wake wa karatasi.

Mtaniuliza, "Babu, picha si zipo? Karatasi za nini?"

Chukueni mfano wa Sane Wadu. Alizaliwa 1954 na kupewa jina jingine kabisa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu, akaiacha kazi ya mshahara ili achore, na watu wakasema amerukwa na akili. Akawajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Nawapenda watu wa namna hiyo. Lakini mfikirieni karani wa nyaraka miaka hamsini baadaye. Ana faili la shule lenye jina moja na hati ya amana yenye jina jingine. Bila kadi inayosema "tazama pia", mtu mmoja anageuka kuwa wawili, mmoja mwalimu aliyepotea na mwingine mchoraji aliyetokea hewani.

Au Rosemary Karuga. Alisoma sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wasichana wa Afrika Mashariki waliofika pale walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Akarudi Kenya, akafundisha, akalea, na miaka mingi ikapita. Mnamo miaka ya 1980, akiwa bibi wa umri wa kustahiwa, ndipo alipojulikana kwa kazi zake za kubandika. Rangi za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo alikata karatasi za rangi kutoka kwenye pakiti za sabuni na za unga, akazibandika kipande kwa kipande mpaka zikawa kuku, wanawake, miti. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki 2021. Mtu anayetaka kuitunza kazi yake leo lazima ajue ile karatasi ilikuwa ya pakiti gani na gundi ilikuwa ya aina gani, maana kila gundi huzeeka kwa tabia yake. Galari iliyoandika "kolaji ya karatasi za pakiti kwenye kadibodi" ilimsaidia daktari wa picha ambaye hakuwa hata amezaliwa.

Na Jak Katarikawe, Mganda aliyejifundisha mwenyewe kuchora, akahamia Nairobi na kufia hapa mwaka 2018. Ng'ombe wake walikuwa na macho ya watu, na alipenda kukusimulia kisa kilichomo ndani ya picha. Simulizi lile lilikuwa nusu ya picha. Kama aliyempokea siku hiyo alikuwa na kalamu mkononi, kisa kipo. Kama alitikisa kichwa tu na kucheka, kimekwenda.

Tena kuna suala la fedha, na hili nalisema kwa sababu watoto wa Nairobi mnajua bei ya kila kitu. Novemba 2013 Circle Art Agency waliandaa hapa jijini mnada wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki. Kwenye mnada mtu huinua mkono na kutaja fedha ambazo zingejenga nyumba. Kabla hajainua, anauliza: hii picha imetoka wapi? Nani aliinunua kwanza, kutoka kwa nani, mwaka gani? Hiyo ndiyo historia ya umiliki. Ikiwa risiti ya kwanza ipo, na kibandiko cha mgongoni kinalingana na daftari, mashaka yanakwisha. Ikiwa haipo, basi mghushi yeyote mwenye brashi na ujasiri anaweza kuchora ng'ombe wenye macho ya watu na kusema ni wa Katarikawe. Marehemu hawezi kuja kukanusha.

Karatasi, wajukuu, zina maadui. Moto ndio mkubwa wao. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, Elimo Njau, mchoraji kutoka Marangu chini ya Kilimanjaro, aliungana na wenzake, akiwemo mshairi Jonathan Kariara, kuanzisha Paa ya Paa katikati ya Nairobi. Hii ilikuwa galari ya Waafrika wenyewe, pahali pa picha, mashairi na mabishano hadi usiku. Baadaye ikahamia Ridgeways, nje kidogo ya mji, kwenye bustani kubwa. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo lake kuu, pamoja na picha, vitabu na nyaraka za zaidi ya miaka thelathini. Kituo kilisimama tena. Barua zilizoungua hazikusimama.

Adui wa pili hana moshi. Ni kuhama. Galari hupanga chumba, kodi inapanda, inahama, na kila inapohama mtu huangalia makasha ya karatasi na kusema, "Hizi nazo za nini?" Upper Hill palikuwa na RaMoMA, jumba la sanaa ya kisasa lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, likahamia Parklands, kisha likafungwa. Lilikuwa na jarida lake, Msanii. Sasa fikirini tofauti hii: jarida huchapishwa nakala nyingi, moja ikipotea Kilimani nyingine ipo Karen chini ya kitanda cha mtu. Daftari la mauzo ni nakala moja tu ulimwenguni. Ndiyo maana historia ya sanaa yetu inajua vizuri kilichosemwa gazetini na inajua kidogo sana nani alilipwa ngapi.

Mngedhani serikali inazikusanya. Kenya ina sheria ya nyaraka tangu 1965, na ina jengo zuri la kuzihifadhi pale Moi Avenue, mkabala na stendi ya Ambassadeur, lile lenye nguzo ambalo watu hukutana mbele yake bila kuingia ndani. Lilijengwa 1906 kuwa benki. Lakini sheria ile inahusu hasa karatasi za serikali: ripoti za wakuu wa wilaya, barua za wizara. Galari ni mali ya mtu binafsi. Daftari lake ni lake kama sufuria zake zilivyo zake. Hakuna anayeweza kumlazimisha alilete, na pengine ndivyo inavyofaa, maana ndani yake mna majina ya wanunuzi na anwani zao, watu ambao hawakukubali kujulikana.

Hata hivyo, mtu binafsi anaweza kuzikabidhi kwa hiari. Ingieni lile jengo, ghorofa ya chini, mtakuta Murumbi Gallery, iliyofunguliwa 2006. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, mwaka 1966, kwa miezi michache tu. Aliiacha siasa, lakini hakuacha kukusanya: vinyago, nguo, vito, stempu, barua, na vitabu, miongoni mwavyo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Alan Donovan walifungua African Heritage, galari ya sanaa ya Afrika nzima, hapo hapo mjini. Sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi iko Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Zamani watu walikwenda pale kuandikisha watoto waliozaliwa, ndoa na vifo. Leo ni nyumba ya sanaa, na mimi naona hakuna jengo lililostahili zaidi.

Wenzetu wa Marekani waliliona tatizo hili mapema. Tangu 1954 wana taasisi inayokusanya karatasi za wasanii na za galari, Archives of American Art, ambayo sasa iko chini ya shirika la makumbusho la Smithsonian. Humo mna hata makabrasha ya galari ya Leo Castelli wa New York, mfanyabiashara aliyewauza wachoraji mashuhuri wa karne iliyopita. Mtafiti anaomba kasha, analetewa, anasoma barua ambayo msanii alimwandikia Castelli. Si uchawi, ni kasha na mtu wa kulilinda.

Hapa kwetu kazi hiyo sasa inaelekea magharibi ya mji, huko ambako galari nyingi zimehamia zikikimbia msongamano. Circle wako Lavington. Juu zaidi, Rosslyn, kando ya Barabara ya Limuru, iko One Off ya Carol Lees, iliyoanza miaka ya 1990. Na huko huko Rosslyn, Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake zinatafutwa London na New York, alianzisha mwaka 2020 taasisi isiyofanya biashara, Nairobi Contemporary Art Institute. Mwaka 2022 walionyesha kazi za Sane Wadu za miaka mingi pamoja. Kuandaa onyesho kama hilo maana yake ni kutafuta picha zilizotawanyika katika nyumba za watu, na huwezi kuzitafuta usipojua nani alizinunua. Mnaona tumerudi wapi? Kwenye risiti.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe inavyofanywa, kwa mkono, kwa sababu nataka mmoja wenu aifanye.

Makasha ya galari iliyofungwa yakifika, mtu wa nyaraka hayamwagi mezani na kuanza kupanga kwa tarehe. Anajizuia. Anaandika kwanza mpangilio alioukuta, kwa maana mwenye galari aliweka barua ile kando ya slaidi ile kwa sababu fulani, na ukizitenganisha sababu imepotea. Kisha anatoa pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa chuma hushika kutu na kutu hula karatasi. Selotepu ni balaa. Gundi yake hugeuka kahawia na kuacha doa la milele. Karatasi anaishika kwa mikono mikavu iliyooshwa, bila glovu, maana glovu hukufanya mzito wa vidole ukachana pembe. Slaidi na picha za kamera ndizo zinazotaka glovu, kwa ajili ya mafuta ya ngozi. Akiandika alama yoyote, anatumia penseli. Wino ukilowa husambaa, penseli haijali.

Nairobi, kwa bahati, iko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake si ile ya Mombasa inayootesha ukungu juu ya kiatu kwa wiki moja. Lakini kuna masika, kuna mabati yanayovuja, kuna mchwa, na mchwa hachagui kati ya Karuga na gazeti la jana. Kwa hiyo kasha halikai sakafuni, wala haliegemei ukuta wa nje.

Mwisho vitu vinapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha na makasha yanaweza kutupwa. Hapana! Diski hufa, nenosiri husahaulika, kampuni hufungwa. Nakala ya kompyuta ni ya kusomea, karatasi ni ya kuthibitishia.

Na galari za leo zina shida mpya. Mwaliko ni ujumbe wa WhatsApp, malipo ni ya M-Pesa, picha ni faili kwenye simu ya karani ambaye mwezi ujao atabadilisha simu. Kijana wangu wa ng'ombe alikuwa na hati mfukoni mwa shati. Mwenzake wa leo ana meseji. Nikiulizwa ni ipi itakayosomeka mwaka 2080, nitaweka fedha yangu kwenye shati.

Basi mkichora, hata kwa kalamu za rangi za shule, igeuzeni picha. Andikeni mgongoni kwa penseli: jina lenu kamili, siku, mahali, na mlichotumia. Na mkienda kwa shangazi au mjomba aliyewahi kununua picha mjini, mwulizeni kwa adabu kama bado ana risiti yake, au kadi ya mwaliko, au orodha ya bei yenye kitone. Akisema anakusudia kuzichoma pamoja na takataka za Jumamosi, mwombeni awape ninyi.